Ombi la Kupunguziwa Uwezeshaji

Kwa Ndugu Mkurugenzi,
Mradi wa Kuwawezesha Wanawake na Watoto Vijijini.

Yahusu: wanawake na watoto waliowezeshwa kupita kipimo

Ndugu Mkurugenzi,

Kuna sauti moja imenikaa kichwani tangu mkutano wa kijiji wa mwezi uliopita, na sioni namna ya kuanza barua hii bila kuitaja. Ni sauti ya mwiko ukigonga meza. Ko. Mara moja tu. Haikuwa sauti kubwa. Dirisha likibamizwa na upepo hupiga kelele zaidi. Lakini Mwenyekiti wetu alikuwa katikati ya sentensi, na kwa mujibu wa mke wake, Mwenyekiti wetu hajawahi kukatizwa katikati ya sentensi tangu azaliwe. Akanyamaza. Mimi nilikuwa naandika muhtasari, na kalamu yangu ikabaki imesimama juu ya neno "maendeleo", ikavuja wino mpaka neno lenyewe likafunikwa.

Tangu siku hiyo kijiji hakijatulia. Kamati imeketi, imetafakari, na imeniagiza mimi, kwa kuwa nimesoma na mwandiko wangu unasomeka, nikuandikie rasmi: uwezeshaji mliotuletea ni mwingi mno. Tunaomba upunguzwe.

Naomba kwanza nijitambulishe. Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, wale ambao hawajafikisha umri wa kuanza darasa la kwanza. Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani, na Mwenyekiti, ambaye ni kaka mkubwa wa marehemu baba yangu na ndiye aliyenilea, akanipa kazi mbili: kufundisha watoto hawa na kuwa katibu wa kamati ya mradi. Kwa hiyo nikiandika Mwenyekiti, nataja cheo. Nikiandika Baba Mkubwa, nataja damu. Nitajitahidi nisiwachanganye, ingawa wote wawili wanavaa koti moja.

Jengo letu unalijua, maana picha yake iko kwenye kalenda yenu. Kuta za rangi ya maziwa, paa la bluu, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka mtu anajiona uso. Ndani mna viti vidogo, meza za duara, ubao, na kabati la vitu vya kuchezea. Juu ya mlango pameandikwa "Kituo cha Wanawake na Watoto". Siku mlipolikabidhi mlitupa pia mkataba, na ndani ya mkataba mkaandika kwamba jengo na vilivyomo "vitunzwe katika hali vilivyopokelewa". Mwenyekiti ni mtu wa kushika neno. Viti vilipokelewa vikiwa vimefungwa kwa nailoni. Viko ndani ya nailoni hadi leo. Midoli ilipokelewa ikiwa kwenye maboksi. Haijatoka kwenye maboksi. Jengo lilipokelewa likiwa halina mtu ndani. Nadhani unaona, Ndugu Mkurugenzi, utiifu ukikamilika unaweza kufika wapi.

Ufunguo Mwenyekiti anauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Mimi hupewa siku chache kabla ya wageni wenu kufika, nifagie, nipanguse vumbi juu ya nailoni, kisha niurudishe. Watoto nawafundishia nyuma ya jengo, upande usioonekana kutoka barabarani, ili mgeni wa ghafla asiwakute wamekaa chini. Akina mama wa kikundi nao hukutana hapo hapo nyuma, sisi tukishaondoka. Mpango huu ulikwenda vizuri kabisa. Watu walikuwa wameshazoea. Ndipo mkatuletea semina.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu mwiko

Mwezeshaji mliyemtuma ni dada mpole na msemaji mzuri. Viatu vyake havikuelewana na matope yetu, lakini hakunung'unika. Aliwaketisha akina mama duara, akawaambia kwamba shida kubwa ya mwanamke wa kijijini ni kukatizwa anapozungumza, na dawa yake ni kuwa na kifaa cha zamu. Anayekishika anasema, wengine wote wanasikiliza mpaka akiweke chini. Akauliza ni kifaa gani kinapatikana katika kila nyumba bila gharama. Wakajibu kwa pamoja: mwiko. Alifurahi sana. Akauchora kwenye karatasi kubwa, akaubandika ukutani, ukuta wa nje.

Hatuna shaka na nia yake. Lakini kamati inauliza kwa unyenyekevu: je, ofisini kwenu kote hakuna mtu aliyejiuliza, katika nyumba ya kijijini, mwiko huwa mkononi mwa nani kuanzia alfajiri mpaka watu wanapolala?

Wanaume wetu hawajapata zamu tangu semina. Fundi baiskeli, jirani yangu, alirudi nyumbani jioni akataka kusema kwamba chakula kimechelewa. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, huna mwiko." Akanyoosha mkono apewe. Akaambiwa mwiko uko kazini, umo sufuriani, na anayeushika lazima akoroge, la sivyo chakula kitashika chini. Basi akaushika, akakoroga. Ananiambia kwamba kukoroga na kupanga hoja kwa wakati mmoja ni kazi ya watu wawili. Kila hoja ilipomjia, moshi uliiwahi. Chakula kilipoiva kilikuwa kimechelewa kuliko siku zote, na aliyekichelewesha alikuwa yeye.

Hata nyumbani kwa Mwenyekiti hali si nzuri. Mama Mkubwa sasa huuchomeka mwiko kiunoni hata anapokwenda kisimani, ili asiuache nyumbani na mtu. Juzi Baba Mkubwa alinivuta pembeni, uani, akaninong'oneza kama mtoto anayeshtaki: "Mwanangu, jana kutwa nzima nimesalimiana na ng'ombe tu." Nikamuuliza kama ng'ombe aliitikia. Akasema aliitikia vizuri.

2. Kuhusu picha

Mpiga picha wenu huja kila mwaka akiwa na maelekezo ya picha mbili: ya "kabla" na ya "baada". Katika ya kabla, Mama Mkubwa amebeba ndoo na amekunja uso. Katika ya baada, Mama Mkubwa anacheka. Zote mbili hupigwa asubuhi moja, na katikati yake anabadilisha kilemba. Sijapata kusikia uwezeshaji wa haraka kama huo, unaokamilika kwa muda wa kufunga kitambaa kichwani. Hakuna aliyelalamika. Mama Mkubwa alikuwa akirudi nyumbani akituigiza nyuso zote mbili, tunacheka mpaka tunashika mbavu.

Baada ya semina alikuja tena. Akamwomba akunje uso. Mama Mkubwa akautoa mwiko kiunoni, akamwambia, "Mwanangu, leo nimelala vizuri, uso huo sina. Lakini kama unataka kunipiga picha nikiwa nimekaa chini, nyuma ya jengo langu, nikilitazama, hiyo naweza, na wala sihitaji kujikaza." Mpiga picha akasema picha ya namna hiyo haimo kwenye maelekezo yake. Akahangaika huku na huko, mwishowe akapiga picha za mbuzi, akaondoka. Kamati inaomba radhi mapema iwapo kalenda ya mwakani itaonekana kana kwamba mmewawezesha mbuzi.

3. Kuhusu watoto

Jina la mradi wenu lina maneno "na Watoto". Tulidhani yamewekwa kwa ajili ya kupendezesha. Hatukujua kwamba mtoto akikaa karibu na semina, hata akiwa mgongoni mwa mama yake, semina inamwingia.

Fundi cherehani wa hapa kijijini, mmoja wa akina mama wa kikundi, ana binti wa miaka mitano, mwanafunzi wangu. Tunamwita Kidole, kwa sababu hawezi kuuliza kitu bila kukinyooshea kidole. Wageni wenu walipokuja mara ya mwisho tulifanya kama kawaida: tukachagua watoto wachache wenye nguo zisizo na matundu, tukawaogesha, tukawaingiza, tukawakalisha juu ya nailoni na kuwaambia mikono iwe magotini. Mgeni mmoja, mzee mwenye kofia pana, akainama akamuuliza Kidole kwa lugha yake kama anaipenda shule yake. Mkalimani wenu akatafsiri. Kidole akanyooshea kidole meza, akanyooshea kabati, akanyooshea dirisha, akauliza, "Hivi ni vya nani?"

Mkalimani akamwambia mzee kwamba mtoto anashukuru sana. Mimi lugha ile naijua, Ndugu Mkurugenzi. Ndiyo hasara ya kusomesha watu.

Mzee akatabasamu, akampapasa kichwani. Mtoto wa zamani angetosheka na tabasamu. Huyu akanigeukia mimi, mbele ya wageni, akasema kwa sauti, "Mwalimu, nimemuuliza. Mbona anacheka na hajajibu?" Mkalimani akatafsiri kwamba mtoto anawatakia safari njema.

Darasani nako mambo yameharibika. Kila mtoto ana kijiti chake, anakiita mwiko. Juzi nilianza kufundisha herufi, mmoja akanikatiza kwa adabu zote: "Shikamoo mwalimu, huna kijiti." Nilikaa chini nikasikiliza hotuba kuhusu kuku aliyepotea, yenye utangulizi, mashahidi wawili na machozi, mpaka kuku akapatikana. Wenzake wote walisikiliza. Hakuna aliyechokoza mwenzake. Sijawahi kupata utulivu kama ule kwa mada yoyote niliyoiandaa mwenyewe, na hili nalo naliweka kama lalamiko.

4. Kuhusu mvua

Hili ningependa kuliruka, lakini nimeshaanza kuweka namba.

Msimu wa mvua umeingia. Nyuma ya jengo hakuna paa. Kuna ukingo wa bati tu, unaokinga mgongo na kuacha magoti. Kwa hiyo utaratibu tuliopewa na kamati ni kwamba mawingu yakikusanyika napiga makofi, watoto wanarudi nyumbani. Wakati huo mama zao wako shambani, wako sokoni, wako kwenye cherehani zao kando ya barabara. Mama mwenye moyo mwepesi hukimbia kuwafuata na kazi yake inalala. Mama asiyeweza kuiacha kazi huomba Mungu. Watoto wengine hujifungia ndani, na wenye wadogo zao huwalea.

Siku moja, wiki mbili kabla ya mkutano, mvua iliwahi. Nikapiga makofi. Kidole akaenda nyumbani mbio, na jirani aliyekuwa amemshika mdogo wake, alipoona dada mtu amerudi, akamkabidhi mtoto akaenda kuanua nguo zake. Mdogo alikuwa na njaa. Kidole akafanya kama anavyomwona mama yake akifanya: akachochea moto, akabandika uji. Alipoipua, sufuria ikamshinda nguvu. Ni mkono wa kulia, kuanzia kwenye kiganja mpaka karibu na kiwiko. Bado umefungwa bendeji. Muuguzi wa zahanati anasema vidole vitakunjuka, lakini kwa mazoezi na kwa uvumilivu. Kwa sasa anauliza kwa mkono wa kushoto.

Jengo lilikuwa palepale. Kesho yake asubuhi nilikwenda nikachungulia dirishani, mikono nimeizungushia macho ili nione vizuri. Paa halikuvuja hata tone. Viti vilikuwa vikavu kabisa.

5. Kuhusu mkutano

Sasa utaelewa ile sauti.

Fundi cherehani si mtu wa maneno. Midomo yake kwa kawaida imebana pini, na mteja akiuliza nguo itakuwa tayari lini hujibiwa kwa nyusi. Siku ya mkutano alikuja na mwiko ndani ya mkoba wa vitambaa. Mwenyekiti alikuwa anasoma taarifa ya miezi mitatu ya mradi, amefika pale inaposema kwamba jengo liko katika hali nzuri na halina hata mkwaruzo. Mama Kidole akainuka, akagonga.

Akasema, "Shemeji, naomba ufunguo."

Mwenyekiti akasema suala hilo halimo kwenye ajenda. Akajibiwa kwamba mvua haisomi ajenda. Wanawake wakacheka, na Mwenyekiti, ambaye hapendi kuchekwa lakini anapenda kueleza, akaeleza. Nanukuu kutoka kwenye muhtasari, maana niliyaandika kama yalivyotoka: "Shemeji, jengo ni lenu. Kwa kuwa ni lenu, ni wajibu wangu kuwatunzia. Mkiingia litachakaa. Likichakaa mtakuwa hamna jengo."

"Na sasa hivi tunalo?"

"Mnalo. Limefungwa."

Hoja hiyo nimeisoma mara nyingi sana tangu siku ile. Nimeisoma kitandani, nimeisoma nikipiga mswaki. Nilifundishwa mantiki chuoni na nilifaulu vizuri, lakini kila nikijaribu kuijibu nashindwa, kama mtu anayebishana na ukuta kwa kuupa nafasi ya kujieleza.

Hata hivyo lazima niwe mkweli kuhusu Baba Mkubwa, maana hapa hakuna mtu mbaya. Kabla ya mradi wenu ulikuwepo mradi mwingine, wa pampu ya maji. Pampu iliharibika kwa kutumika. Mabwana wa mradi walikuja na gari, wakamsimamisha mbele ya kijiji kizima, wakamuuliza nani ameivunja. Alikuwa na wajukuu wake pale. Alisema ni maji, maana alikuwa haelewi swali, na mabwana wakacheka. Nilikuwa mdogo, lakini uso wake wa siku ile naukumbuka. Mtu akishaaibishwa hivyo mara moja, ukimpa kitu kipya atakibana kwa meno. Nanyi mlipokuja mlimpa kitu kipya pamoja na ule mkataba.

6. Kuhusu semina mpya

Hili ndilo lililoishtua kamati mpaka ikaniita nje ya zamu. Akina mama wameandaa semina ya kwao. Wameiita "Semina ya Kuwawezesha Wenye Funguo". Walengwa ni kamati yote, pamoja na wewe mwenyewe.

Ratiba yake nimeiona. Washiriki watakaa duara, chini, nyuma ya jengo, ikiwezekana mvua ikinyesha, ili wajenge kujiamini. Kutakuwa na zoezi la vikundi: kubeba ndoo na kukunja uso, kisha kubadilisha kofia na kucheka. Kutakuwa na kipindi cha maswali kitakachoongozwa na Kidole, na mkalimani hatahitajika. Mwishoni washiriki watafanyiwa tathmini ili ijulikane kama wamewezeshwa kweli au wamehudhuria tu. Watakaofeli hawatadharauliwa, watarudia. Wanasema hawana kinyongo na mtu. Wanasema wameona jinsi mnavyowahurumia kwa kuwa na uwezo mdogo, na wao wameingiwa na huruma hiyohiyo.

Mapendekezo ya kamati

Kwa kuzingatia yote hayo, kamati inaomba hatua zifuatazo.

Kwanza, mwiko ufutwe kama kifaa cha zamu, na mahali pake kiletwe kifaa kisichopatikana katika nyumba yoyote hapa kijijini. Tunapendekeza kipaza sauti kinachotumia umeme, kwa sababu umeme hatuna.

Pili, uwezeshaji uwe na kikomo kinachojulikana. Wanawake wawezeshwe mpaka kufikia kiwango cha kupiga makofi na kupokea wageni kwa wimbo, wasivushwe hapo. Fundi wa redio hapa kijijini anatuambia kwamba hata redio ina kitufe cha kupunguza. Kamati inashangaa mradi mkubwa kama wenu kukosa.

Tatu, watoto wapewe uwezeshaji wa aina ya kimya, kama vile kupaka rangi.

Nne, jengo litangazwe rasmi kuwa sampuli. Kibao kibadilishwe kiseme kwamba hili ni jengo la kuonyesha majengo yangekuwaje. Kibao kikiwa cha kweli, mvua itanyesha bila mtu kuona aibu.

Tano, na hili kamati ililijadili kwa uchungu: ikiwa yote hayo hayawezekani, basi mtuondolee wanawake hawa mtuletee wengine ambao hawajawezeshwa. Msipofanya hivyo mradi wenu utakosa watu wa kusaidia, na itakuwa ni sisi tuliowaharibia. Tumeshaharibu pampu. Hatutaki ya pili.

Wageni wenu wanatarajiwa Alhamisi. Tunaomba jibu kabla ya siku hiyo, ili tujue tuwaogeshe watoto gani.

Utufikishie salamu kwa wote hapo ofisini: kwa mhasibu, kwa dereva aliyetusaidia kusukuma gari lake mwenyewe, kwa mpiga picha, mbuzi wanamuulizia. Kwa dada mwezeshaji, mwambie akina mama wanampenda kweli, si kwa tafsiri, na siku akirudi watamtafutia mabuti. Kwa mkalimani, mwambie Kidole bado anasubiri jibu lake.

Nabaki mtumishi wenu, nikivitunza vyote katika hali vilivyopokelewa,

Katibu wa Kamati.

Imesomwa mbele ya wajumbe na kupitishwa na Mwenyekiti, aliyelazimika kuazima mwiko kwa muda mfupi ili aweze kusema "imepita".

Nyongeza: Hayo ya juu ni ya kamati, na nimeyaandika kwa uaminifu kama nilivyoagizwa. Haya ni yangu, na kamati haijayasikia.

Lile ombi la kupunguza, naomba usilishughulikie. Limechelewa. Wiki iliyopita Baba Mkubwa alinipa ufunguo nifagie kwa ajili ya wageni wa Alhamisi. Sikufagia. Niliupeleka mjini kwa fundi wa funguo, nikakaa kwenye kigoda chake nikamwangalia akichonga, na niliporudi nikapita nyumba kwa nyumba. Kila mama wa kikundi ana wake. Mama Kidole aliupokea, pini mdomoni, akaufunga kwenye upindo wa nguo yake.

Ule wa asili niliurudisha jana jioni. Nilipiga magoti kama nilivyolelewa, nikamkabidhi Baba Mkubwa kwa mikono miwili, nikamwambia nilichofanya, chote. Mama Mkubwa alikuwepo, lakini mwiko aliuweka chini, akatuachia nafasi. Baba Mkubwa aliugeuzageuza ufunguo kiganjani. Nilitegemea anifukuze, na nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwenye begi. Aliuliza swali moja tu: "Wakija wakakuta kiti kimevunjika, nitawaambia nini?"

Nikamwambia, "Utawaambia kimekaliwa, Baba."

Hakunibariki, wala hakunifukuza. Aliivaa tena kamba yake shingoni, akaniambia niende nikalale, na leo asubuhi nimemwona amesimama barabarani, mbali kidogo, akilitazama jengo likiwa na kelele. Hakusogea karibu. Hakuondoka pia.

Nailoni zote tumezichana. Watoto wamezipenda kuliko midoli. Meza moja ina alama ya kalamu ambayo haitafutika, sakafu ina matope mpaka chini ya ubao, na wageni wako wasije na viatu vizuri. Akina mama wamepanga zamu za kukaa nami, wawili wawili, wengine wakiwa kazini mwao.

Leo mawingu yalikusanyika tukiwa kwenye kuhesabu. Watoto waliyaona kabla yangu. Walianza kuinuka na kutafuta vitu vyao, wananitazama mikono wakisubiri nipige makofi. Niliinuka nikafunga dirisha, nikawaambia wakae. Mvua imenyesha mpaka mchana, kubwa, hatukusikiana. Sikumrudisha mtoto nyumbani.